Chuo Kisichosalimia

Mpaka leo sielewi vizuri nilikuwa upande gani. Ninachojua ni kwamba kwa muda wa siku moja hivi nilikuwa chuo kikuu, na mimi niko kidato cha tatu, hesabu napata alama za kuhurumiwa.

Ilianza na moto. Bweni la dada yangu lilishika moto, moto mdogo tu wa pazia na pasi, wakauzima. Dada hakusema nyumbani ili asitutie hofu. Baba akazisikia habari siku ya tatu, hapa Tumati, kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye mtoto wa kaka yake anasoma chuo hichohicho. Baba alirudi, akakaa kwenye benchi la nje bila kuvua koti.

Dada alipokuja likizo akakuta hukumu imeshasomwa. "Mimi ni wa kusikia habari za mwanangu kama bei ya mahindi?" baba alimwambia. "Hurudi huko mpaka mimi mwenyewe niwe naambiwa saa ileile wenzangu wanaambiwa."

Dada alilia kidogo, halafu akakumbuka kwamba chuo chao kina huduma ya ujumbe wa dharura. Mwanafunzi anajaza fomu kwenye simu, anaandika namba ya mzazi, basi. Kukitokea jambo, mzazi anapata meseji papo hapo. Likizo ikaisha hivyohivyo, na siku moja kabla ya safari, saa nne asubuhi, dada akaijaza ile fomu. Kitochi cha baba, kile kisimu chake cha tochi, kikalia.

Nilisoma mimi kwa sababu miwani ya baba ilikuwa haionekani: "Namba hii imeombewa ujumbe wa dharura. Jibu NDIYO kukubali ndani ya saa 24."

Baba akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, muda wa kutosha kukamua ng'ombe wawili. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: "Habari za kazi hapo chuoni. Sisi huku hatujambo, mvua zipo. Mimi ni baba wa mwanafunzi wenu. Ndiyo nakubali. Wasalimieni walimu wote."

Jibu likarudi kabla hajaiweka simu chini: "Ujumbe haujatambuliwa. Tuma neno NDIYO pekee."

"Pekee?" baba alisema. "Salamu zangu wamezipeleka wapi?"

"Baba, hiyo ni kompyuta," dada alisema. "Haijui salamu."

"Imefundishwa na nani? Huyo aliyeifundisha hana wazazi?"

"Baba, andika tu ndiyo. Herufi tano."

"Mtu hanisalimii, anataka nimwambie ndiyo. Ndiyo ya nini? Hicho chuo kina umri gani?"

Dada alihesabu kwa vidole, akaanza kuchanganyikiwa na yeye. "Kilianzishwa… baba ulikuwa umeshamaliza shule."

"Kumbe ni mtoto!" Baba alisimama. "Basi kianze chenyewe kunisalimia." Akaiweka simu kwenye mfuko wa koti, akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Dada alinitazama. Mimi nilikuwa nimeng'ata mkono wa sweta ili nisicheke.

Sasa, kosa langu. Nilikuwa na laini mpya ambayo baba hakuwa ameisevu. Nilizunguka nyuma ya zizi, nikaandika: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Ni sisi wa chuo. Tunaomba utujibu NDIYO." Nikatuma. Nilitegemea atajua ni mimi, tucheke, yaishe.

Baba alitoka kwenye mbuzi akitembea kama aliyeshinda kesi. "Mmeona? Wamejirekebisha!" Simu yangu ikatetemeka kwenye soksi: "Marahaba. NDIYO."

Dada aliruka akamkumbatia. Akaanza kupanga nguo kwenye begi huku anaimba. Mimi nilibaki nimesimama na idhini ya baba kwenye soksi, sijui niipeleke wapi. Nilijaribu kuituma kwa namba ile ya chuo. Wakanijibu: "Namba hii haijaombewa huduma." Kwa hiyo baba alikuwa amekubali, chuo hakikuwa na habari, na saa zilikuwa zinakwenda.

Ningesema palepale. Lakini dada alikuwa anaimba.

Halafu baba akanogewa. Meseji ya pili: "Je, hapo chuoni mnafuga?" Nikajibu kwamba hatufugi, mzee. Ya tatu: "Ni vibaya. Mna eneo kubwa." Nikacheka peke yangu mpaka kuku wakahama. Ya nne ilikuja jioni, jua likiwa bado lipo. "Naomba kuuliza. Siku ile ya moto mwanangu alikuwa wapi?"

Hiyo sikuijibu. Niliandika, nikafuta. Sikujua alikuwa wapi. Hakuna aliyemwuliza, tulikuwa tunabishana tu kuhusu nani hakuambiwa. Baba alikaa kwenye benchi na kitochi mkononi, anabonyeza taa iwake, anaangalia, inazimika, anabonyeza tena.

Asubuhi tulishuka Mbulu mjini kwa noah ya abiria, sisi watatu. Stendi kulikuwa na ubaridi wa kung'ata masikio. Kondakta alishapakia begi la dada chini ya basi, na dada ameshika tiketi, ndipo baba akasema, "Shusha begi."

"Mzee, tunaondoka saa mbili," kondakta alisema.

"Shusha."

"Baba, si umeshajiunga?" dada aliuliza, sauti ikiwa imepanda.

"Nimewauliza kitu kimoja tangu jana. Wako kimya. Watu wanaoshindwa kunijibu kukiwa na amani, kukiwaka moto watanijibu?"

Nilimwangalia kondakta akivuta begi kutoka kwenye buti. Nilimwangalia dada. Nikachomoa simu kwenye soksi.

"Baba," nilisema. "Aliyekaa kimya ni mimi."

"Wewe umekaa kimya lini tangu uzaliwe?"

Nilimpa simu yangu. Alisoma meseji zake mwenyewe, moja moja, kwenye kioo cha mwanawe, mpaka ile ya mwisho. Kondakta alisimama na begi, hajui alipeleke wapi. "We mtoto, wewe, nita…" dada alianza kusema.

Baba hakunipiga. Alinipa kitochi chake. "Nitafutie ujumbe ule wa kwanza. Ule usio na adabu."

Nilimtafutia, nikamrudishia. Akaandika herufi tano. "Nukta niweke?"

"Usiweke, baba."

Alituma, akafumba macho kama anayechomwa sindano. Jibu likaja: "Umesajiliwa." Basi. Hata asante haikuwamo.

Alimgeukia dada. "Sasa nijibu wewe. Ulikuwa wapi?"

"Nje, baba. Pekupeku. Nimebeba ndoo."

"Ndoo ilikuwa na maji?"

"Tupu. Mpaka leo sijui niliibebea nini."

Baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze, akamfanyia kondakta ishara ya mkono arudishe begi. Dada alicheka huku anafuta macho kwa tiketi. Na mimi nikacheka, halafu nikaacha, kwa sababu sikujua kama nimeruhusiwa.