Nilivyopalilia Tangi la Makena

Hadi leo nikimwona mama mkwe wangu sokoni Gakoromone najificha nyuma ya magunia ya viazi, na mkisikia nilichofanya hamtanilaumu.

Mke wangu Makena anafuga matumbawe katika tangi la kioo sebuleni. Ndiyo, viumbe wa baharini, hapa hapa Meru (chumvi yao anaagiza Nairobi, majirani wanatuona wazimu), na moja la kijani alililea tangu likiwa dogo kama kucha hadi likatoshana na ngumi, na mimi mwenyewe nilikuwa nalitazama mpaka chai inapoa. Sasa kando yake zikaota anemoni za kahawia, vidude laini vyenye mikono mingi, ambavyo huyachoma matumbawe mpaka yafe. Makena akaniambia, "Usiziguse, nitazidunga dawa moja moja." Lakini mama yake alikuwa anakuja kututembelea na akina mama wa kanisa, na mimi nimelelewa Ruiri, ambako mgeni hakaribishwi kwenye magugu, basi Makena alipoenda kazini nikachukua kisu cha jikoni, nikazikatakata zote, nikanawa mikono, nikajisifu.

Jamani, kumbe kila kipande ni mbegu! Wiki chache baadaye, siku ya wageni, tangi zima lilikuwa limejaa, mawe, kioo, hata bomba, na lile tumbawe limejikunja katikati, na Makena bado hajui zimeongezekaje. Niliogopa, lakini pia (nisiwadanganye) nilistaajabu sana: kitu unakikatakata, nacho kinakujibu kwa kuzaa!

Nikafunika tangi kwa leso. Mama mkwe hata hajaketi vizuri, akaifunua. Mikono midogo isiyohesabika ilikuwa inapepea majini, na wale akina mama wote wakashika vifua.

"Ngai! Kweli Mungu ni fundi," mama mkwe akasema. "Mwenda, hizi ulipanda na nini?"

"Na kisu, Mama," nikajibu (na huo ulikuwa ukweli mtupu).

"Hiyo mikono yako iko na baraka. Wacha tuombe."

Tukainamisha vichwa, naye akaomba kwa sauti ya kutikisa vikombe, kwamba kazi ya mikono yangu izae, iongezeke, ijaze nyumba hii yote, na mimi kwa kumwogopa mkwe nikaitikia "Amina!" kuwashinda wote. Nilipofumbua macho, Makena hakuwa amefumba yake. Alikuwa analitazama tumbawe lake huku machozi yakimlengalenga.

Wageni walipoondoka hakupiga kelele. "Si umesema amina?" akaniambia. "Sasa wewe na Mungu mtajua vile mtazitoa."

Tumbawe lilikufa siku chache baadaye, likabaki jiwe jeupe, na anemoni zikaota juu yake zikicheza kwa raha zao. Iliniuma kuliko ile aibu ya kusifiwa bure. Nimeapa sitakata tena nisichokijua, na sitaitikia amina kabla sijafikiria kinachoombwa.