Muvi ya watoto wa shule imeniunguzia wali

Jamani, wali wa nazi unaungua jikoni na mimi siinuki.

Binti yangu Zuhura, miaka kumi na mitano, wiki nzima alikuwa hasemi na mimi. Nilimpekua simu. (Najua. Nyamazeni.)

Leo mchana kaweka muvi ya vichekesho ya watoto wa shule, zile za kutafsiriwa, mtafsiri anaropoka juu ya sauti za wote. Nikakaa nisinzie tu, joto la Ngamiani mnalijua.

Mara msichana wa kwenye muvi akasahau hatua za kucheza jukwaani, shule nzima inamcheka. Mama yake akainuka kwenye viti, akapanda, akacheza naye. Vibaya kweli!

Mtafsiri akanyamaza.

Yule ambaye hata watu wakizikana anatania.

Ukabaki muziki, na pazia letu likipepea taratibu kama linacheza nao.

"Mama, wewe ungepanda?"

"Na dera hili hili."

Akanilazia miguu mapajani, kama alipokuwa mdogo.

Sasa kasinzia. Jirani anaita dirishani, "Mama Zuhura, jikoni kwako!"

Wenye mabinti, semeni kweli: nyie mngeinuka?