Niligusa "Ndiyo" Mara Kumi na Mbili

Ilianza Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni, na kosa ni langu. Si la simu wala la mtandao. Ni langu!

Nakwambia wewe kwa sababu hunijui sura. Niko kidato cha tatu, tunaishi kijijini huku Handeni, na nina aibu mno. Kupiga hodi kwa watu kwangu ni mtihani. Naweza kusimama nje nikasikiliza redio yao mpaka taarifa ya habari iishe, kisha nikarudi nyumbani.

Sasa mtendaji wa kijiji akanipa simu ya ofisi. Kila kaya ilitakiwa kutoa maoni kwa mtandao, ili ijulikane bomba jipya la maji liwekwe wapi. Wazee wa kitongoji chetu hawana simu janja. "Wewe umesoma," akasema. "Pita kaya hizi kumi na nne, uliza, jaza."

Nilipita mbili. Ya tatu ilikuwa na wageni barazani, nikageuka.

Nikakaa nyuma ya jiko letu nikajaza mwenyewe. Swali la kwanza: je, maji yako karibu na kaya yako? Ukigusa "Hapana," yanafunguka maswali mengine tisa. Ukigusa "Ndiyo," fomu inaisha.

Mungu wangu, nikagusa "Ndiyo" mara kumi na mbili!

Sikuwaza. Kijiji kizima kinajua tunachota lamboni, kwenye bwawa la mbali, nikadhani hata wilayani wanajua. Kumbe wao wanaona ulichogusa tu.

Jumatatu ukaitwa mkutano. Majibu yalibandikwa ukutani, jina la kila kaya na ilichosema, ili watu waone hakuna kilichofichwa. Kitongoji chetu kilikuwa kimetolewa kwenye orodha ya bomba. "Wenyewe wamesema maji wanayo, kaya kumi na mbili kati ya kumi na nne," mtendaji akasema.

Bibi Mwanaidi, wa nyumba ya pili kutoka kwetu, akainuka na bakora yake. "Mimi? Nimesema maji yako karibu? Nilisema lini, na kwa mdomo upi?"

"Uzee huo, bibi!" baba mmoja akadakia. "Juzi si ulikuwa unamtafuta mbuzi na kamba yake umeishika mkononi?"

Watu wakacheka. Bibi akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, hivi ulikuja kwangu?"

Macho yote kwangu. "Nilikuja, bibi."

Akakaa taratibu. "Basi nimesahau," akasema. "Nimeanza kusahau."

Jamani! Afadhali angenipiga na ile bakora! Jioni nilimsikia akimwomba mama awe anapita kumtazamia moto wake, asije akausahau akaunguza nyumba. Mwanamke anayejipikia kila siku ya Mungu! Mimi usiku huo sikula. Mama aliuliza naumwa nini, nikasema kichwa.

Wewe unayetumwa kuchukua maoni ya watu, nenda! Hata kama una aibu kama mimi, piga hodi. Usimjibie mtu ambaye hujamsikia, eti kwa sababu jibu moja ni fupi kuliko lingine. Mimi nimewanyima watu maji, na bibi wa watu nimemfanya aikane akili yake.

Asubuhi yake nilivaa sare ya shule nikaenda kwake, nikapiga hodi.

"Nani?"

"Shikamoo, bibi. Ni mimi. Hukusahau. Mimi ndiye sikuja."

"Marahaba." Akafungua mlango. Kisha akalisogeza dumu kwa bakora. "Beba. Twende lamboni kwanza. Mtendaji baadaye."

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Bibi alipumzika mara nne njiani. Tuliporudi ilikuwa saa tatu na robo, akakataa nilitue dumu kwake. "Yapeleke hivyo hivyo, wayaone."

Nikaingia ofisini na maji ya tope kichwani, watu wamejaa kwenye benchi, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Fungua fomu ya Bibi Mwanaidi. Jibu lake ni Hapana. Na zile kaya nyingine kumi na moja naenda kuziuliza sasa hivi."