Kinu Kitupu cha Mama Jirani

Siku hizi mjini Kindu sombe inasagwa kwa mashine. Unafika sokoni na fungu lako la majani ya muhogo, mashine inanguruma, na kabla hujamaliza kusalimia watu umeshakabidhiwa mfuko wako. Niliporudi mwezi uliopita, baada ya miaka mingi, nilisimama pale kungoja zamu yangu, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Keti kidogo nikueleze.

Wakati wa vita nilikuwa msichana wa miaka tisa, nikilelewa na Bibi. Jua likianza kuinama, kila ua mtaani ulitwanga. Mashamba hayakufikika, tulibaki na mihogo michache ya uani, mchele wa Kibombo tuliusikia kwa jina tu. Hata chumvi ilipotea. Bibi alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu, akapata maji machungu ambayo sote tuliapa kuwa ni chumvi. Lakini kutwanga, watu walitwanga. Kinu kikinyamaza jirani atajua una njaa, na heri njaa yenyewe kuliko jirani kuijua!

Nyuma ya ua wetu wa matete aliishi mama mmoja peke yake. Mumewe alikwenda Punia kuchimba madini, vita vikafunga njia nyuma yake. Mama huyo alitwanga kwa kishindo kutushinda sote. Na kila siku Bibi alipakua sahani ya sombe, akanituma: "Pelekea mama jirani. Umuambie aonje kama chumvi inatosha."

Mama jirani alionja, akatafakari kama hakimu, akasema, "Umuambie Bibi, leo chumvi iko sawa." Kisha alikula yote, nami nikarudi na sahani tupu.

Nilichukia sana. Huyu anayetwanga hivyo, mbona hatuletei hata kijiko kimoja? Siku moja nikachungulia penye tundu la matete. Jasho lilimtiririka, mchi ulipanda na kushuka, na ndani ya kinu hamkuwa na hata jani moja.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakimbilia kisimani, kwenye foleni ya maji, nikatangaza kwamba mama jirani anatwanga hewa. Watoto waliangua kicheko. Wanawake waliinamia ndoo zao, hakuna aliyecheka, nami nikadhani hawakunisikia.

Bibi hakunipiga. Ingekuwa nafuu angenipiga.

"Unazani sisi hatuna masikio?" aliniuliza. "Kinu ya majani na kinu ya bure inalia sawa? Wote tulijua. Njo maana ya ile chumvi."

Kesho yake kinu cha jirani kilinyamaza. Nilipompelekea sahani, alisimama mlangoni bila kuipokea. "Rudisha, mutoto. Umuambie Bibi, ulimi yangu haijue tena chumvi."

Alikataa siku hiyo, akakataa na zilizofuata, mpaka mifupa ya mabega ikamtoka. Bibi alipakua sahani ile kila siku akilia, nikaipeleka, nikairudisha, kisha nikaila mimi. Nitakuambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: ilikuwa tamu.

Alivukaje vita vile, sijui. Mwezi uliopita nilimkuta hai, mzee, ameketi juu ya kinu kilekile alichokipindua kuwa kiti. Nilikuwa nimepika ile sombe ya mashine. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, yote yakanikimbia. Nikamnyooshea sahani. "Mama, nimetumwa uonje kama chumvi inatosha."

Alinitazama, akaonja.

"Umuambie Bibi, leo chumvi iko sawa."

Bibi tulimzika zamani, na mama jirani mwenyewe alikuwepo mazishini. Mtaa mzima ulikuwa kimya saa ile ya kutwanga, na mashine ya sokoni haisemi nani amelala njaa. Nilishindwa kuinua macho. Mama jirani alikula nusu, kisha akanisogezea sahani.

"Kula, mutoto wangu. Hata siku ile ulikuwa na njaa tu."