Mashua Iliyojengwa Bara

Semboja alikuwa seremala wa Korogwe, mzaliwa wa Vugiri, aliyeteremka bondeni na patasi za marehemu baba yake wakati Wajerumani walipokuwa wakilaza reli. Alitengeneza milango, vitanda na masanduku, na kwa kazi ya mikono hakuwa na mpinzani. Bahari hakuwahi kuiona. Maji makubwa aliyoyajua ni ya mto Pangani, na hayo nayo aliyaogopa kwa sababu ya mamba.

Sasa mtu kama huyo ukimwambia ajenge mashua, si unamtafutia balaa? Lakini Mzungu mmoja, msimamizi wa shamba la mkonge, ambaye watu walimpachika jina la Bwana Kipimo kwa vile alivyopenda kupimapima kila kitu, alimwendea na karatasi iliyochorwa. Alitaka mashua ndogo ya matanga, si ya kuvulia samaki wala ya kubebea mizigo. Ya kutembelea tu. Mtu aingie, alale humo, ajipikie, azunguke pwani mpaka achoke, kisha arudi kwake. Semboja alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaitazama ile karatasi vizuri, na kicheko kikamkauka. Aliipenda, na bandani kwake akaanza kuijenga.

Kila kitu ndani yake kilikuwa kimefikiriwa. Kwenye mkuku, ule mti mkuu wa chini, kulifungwa uzito wa risasi, ili upepo ukiilaza mashua ubavu, uzito uivute isimame tena. Mlingoti ulikuwa na bawaba kwenye kitako, uweze kulazwa wakati wa kupita chini ya daraja. Matanga yalikuwa mawili tu, kubwa nyuma na dogo mbele, na kamba zake zote ziliishia karibu na usukani, ili mtu mmoja aiendeshe bila kumwita mwenzake. Maji yakirukia pale alipokaa mshika usukani, yalikuwa na matundu yake ya kutokea. Ndani ya chumba, ambamo mtu aliweza kuketi lakini si kusimama, kulikuwa na jiko la kuning'inia, lisimwage sufuria hata mashua ikilala. Rafu zilikuwa na ukingo ili vikombe visianguke. Tena kulikuwa na vitanda viwili vyembamba, huku na huku.

Hivyo vitanda ndivyo vilivyomponza. Alijilaza kwenye kimoja kupima urefu, usingizi ukampitia. Kesho yake tena. Mkewe Mwanaidi, Mzigua wa Handeni, alikuwa akimletea chakula bandani, na mara nyingi alikuta cha jana hakijaguswa. Mume akirudi nyumbani, mazungumzo yake ni pamba ya kushindilia kwenye maungio ya mbao, basi. Asubuhi moja mwanamke akachungulia ndani ya mashua, akamkuta anakoroma kwenye kitanda cha Mzungu.

"Kumbe una nyumba nyingine, mume wangu," alisema. "Mimi nakwenda kwetu. Ukinihitaji, njia unaijua."

Na kweli aliijua. Mke akienda kwao, mume humfuata ukweni, akakaa mkekani, akasemwa, akakubali makosa, akarudi na mkewe. Asipomfuata, wazee huelewa kwamba amemwacha. Semboja hakuwa mgeni wa desturi hiyo. Ila Korogwe nzima ilikuwa ikimcheka; sokoni walimuuliza mashua yake itavuka shamba la mahindi lini. Basi kwa kiburi, tena kiburi cha kijinga kabisa, akajiapia mbele ya watu: "Siendi ukweni nikiwa mtu wa kuchekwa. Siku mashua ikielea, ndipo nitakwenda."

Mashua ikaisha. Ikapakiwa kwenye behewa la wazi, mlingoti umelazwa juu yake, ikaenda Tanga. Bwana Kipimo akaondoka nayo, akaahidi kutuma habari. Semboja alisimama stesheni mpaka moshi wa treni ukatoweka. Aliporudi bandani alikuta maranda na magogo matupu, na nyumbani hapakuwa na moto.

Habari haikuja. Treni ya kutoka Tanga ikifika, Semboja yupo, anauliza abiria kama wameiona mashua ndogo yenye chumba. Wengi hawakumwelewa. Angeweza kupanda treni akaangalie mwenyewe, lakini aliogopa. Kama ilizama, basi amepoteza vyote viwili, mashua na mke. Alikula peke yake, akaugua homa peke yake. Ilifika mahali akawa anazungumza na randa yake, nayo haikumjibu. Upweke ulimla, na mwenye kuualika alikuwa yeye.

Baada ya mavuno, Sadala, mchuuzi wa tumbaku wa Handeni, alimletea ujumbe wa mkwewe.

"Mzee anauliza, mwenye mke yupo?"

"Mwambie nipo. Nangoja habari kidogo tu."

Sadala alimtazama. "Habari gani, ndugu yangu, inayoishinda ya mke?"

Semboja akainama, akaendelea kupiga randa.

Mavuno mengine mawili yakapita. Ndipo akashuka stesheni mtu mmoja aitwaye Mdoe, baharia wa Bwana Kipimo, anakwenda kuwaona ndugu zake Kwashemshi. Semboja akamuuliza kama alivyowauliza wengine.

"Ile ya kijani? Ilielea siku ile ile ilipotiwa majini," Mdoe alisema. "Upepo unailaza, inainuka yenyewe. Haivuji hata tone. Mzungu anaisifu kila siku. Hakukuletea habari?"

Semboja alimkumbatia mtu asiyemjua. Kesho yake akashika njia ya Handeni, kanga mpya kwapani, akipanga maneno njia nzima.

Mkwewe alimpokea kwa upole mno, na upole huo ukamtia wasiwasi. Kisha Mwanaidi akatoka ndani na mtoto mchanga mgongoni. Wazee walikuwa wamemfungua zamani katika ndoa ya Semboja. Ameolewa na mkulima wa kijiji cha jirani, na amekuja kwao kujifungua.

"Ilielea?" Mwanaidi aliuliza, maana kiapo kile kilikuwa kimemfikia.

"Ilielea. Siku ile ile ya kwanza."

Machozi yalimlenga Mwanaidi, akayafuta kwa kiganja. "Siku ya kwanza. Na mimi nimekaa barazani hapa naitazama njia mpaka macho yakauma. Mashua ilikuwa na nini kwangu? Ungekuja hata imezama, Semboja, ningekufuata."

Mtoto akaanza kulia. Mwanaidi akamtikisa, akageukia jikoni na kumwita mdogo wake.

"Zamda, lete maji. Mgeni anawe, ale."