Nimesimama, Umesimama, Amesimama

Miaka ile Azimio lilikuwa bado linasomwa kwa sauti kwenye kila mkutano, nami nilikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ya Kigoma, nimeshachoka kuitwa "binti". Tulikuwa na daktari mmoja mwanamke kutoka Chekoslovakia. Kila mtu alimwita Mcheki. Kila alipoitwa hivyo aliweka chini alichoshika, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mimi si Mcheki. Mimi Mslovaki." Nilimpenda kwa hilo tu. Mimi ni Muha wa Kidahwe, na tangu utoto nimekuwa nikiwaambia wageni kwamba mimi si Mrundi.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya nafasi moja ya kwenda kwao kusomea upigaji wa picha za eksirei. Anayeitaka alipaswa kujifunza kwanza misingi ya Kislovaki, na yeye mwenyewe angefundisha jioni baada ya kazi, kwenye chumba cha mikutano. Nilifika mapema. Wakaja na wenzangu wanaume, matabibu na wauguzi. Mwisho akaja ofisa utumishi, bwana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inang'aa.

"Binti, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja darasani, mzee."

"Hili ni la wanaume. Mwanamke ukimpeleka Ulaya anarudi na mimba. Wewe ngoja kozi ya ukunga."

Sikuinuka. Akazunguka nyuma yangu, akakishika kiti na kukitikisa, kama mtu anayefukuza kuku. Nilipoinuka akakibeba na kutoka nacho. Wenzangu waliangalia meza.

Ningeweza kurudi nyumbani. Kwa hasira niliyokuwa nayo nilijua nikisema neno moja nitalia, na kulia mbele ya watu wale sikutaka. Basi nikasimama palepale, mikono nyuma.

Daktari akaingia. "Kiti chako?"

"Kimechukuliwa."

Hakuuliza zaidi. Aliwageukia wanaume, akainua viganja vyake juu, nao wakanyanyuka mmoja mmoja, viti vikikwaruza sakafu. Kisha akajigusa kifuani, akasema, "Stojím." Nimesimama. Akaninyooshea kidole mimi: "Stojíš." Umesimama. Akaonyesha mwingine: "Stojí." Tukaendelea hivyo, stojíme, stojíte, stoja, mpaka tukamaliza watu wote wa duniani, na somo zima la siku ile tulilisoma kwa miguu. Kwa Kiswahili tunasema nimesimama, kana kwamba tendo limekwisha. Kwao kusimama ni jambo la sasa, linaendelea, halijaisha mpaka mwenyewe uamue kukaa. Nilikwenda nalo hilo hadi nyumbani.

Nyumbani kwangu kulikuwa Bangwe, kwa shangazi yangu, aliyeolewa na mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akafiwa naye. Alikuwa akianika dagaa mchangani. Asubuhi kabla ya zamu nilimsaidia kuwageuza huku nikikariri. Robím, ninafanya. Robíš, unafanya. Robí, anafanya.

"Hebu rudia," akaniambia siku moja. Nikarudia. Akasimama na ufagio wake. "Sasa mtu mwenyewe yuko wapi humo?"

"Yuko mwishoni, shangazi. Ile -m ndiyo mimi. Ile -š ndiyo wewe."

"Kumbe! Sisi mtu anatangulia, kazi inafuata. Hao kazi inatangulia." Akacheka. "Basi hao ni watu wa kufaa kwa Ujamaa."

Tangu hapo akawa mwenzangu wa mazoezi. Alishindwa kabisa kutamka sauti fulani, lakini aliniuliza bila huruma. Akiinua ndoo, "Nasemaje?" Akitia chumvi, "Nasemaje?" Ulimi wangu wa Kiha, ambao shuleni nilichapiwa viboko kwa kuchanganya l na r, sasa ulilazimika kuzitenga. Nikazitenga. Walionichapa walikuwa na haraka tu.

Nilihudhuria kila somo. Kiti hakikurudi, nilibeba kigoda cha shangazi kutoka Bangwe, nikapita nacho mchana kweupe mbele ya mlango wa ofisa utumishi. Naye, aliponiona sikomi, akatuma neno Kidahwe kwa baba yangu.

Baba alikuja na lori la mizigo. Alikuwa amekonda. Mwaka ule walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, na michikichi yake ikabaki kwenye shamba la zamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeambiwa unajiandaa kuwa Mzungu."

"Najiandaa kupiga picha za mifupa, baba."

"Mimi binti yangu haendi. Nimeshamwambia yule bwana."

Shangazi akaacha kupepeta mchele. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kumpa maji, nikabaki hivyo hivyo, lakini macho sikuyashusha.

"Baba, walipokuambia usirudi tena kwenye michikichi, ulifanya nini?"

Akaipokea kata.

"Watu wa Kidahwe wananiambia unakwenda alfajiri kila wiki kukata ngazi, mikungu ya mawese, na mgambo wanakuona."

"Ile michikichi niliipanda mwenyewe," akasema.

"Na mimi hii kazi nimeifanya mwenyewe."

Shangazi akasema taratibu, "Kaka, huyu ni wako kabisa. Usimtafutie baba mwingine."

Alikunywa maji yake yote, akairudisha kata. Hakunibariki. Lakini alipoondoka alipitia hospitali, akamwambia ofisa utumishi kwamba akiwa na neno juu ya binti yake amwambie binti mwenyewe. Habari hiyo niliipata kwa mfagizi, na siku ile nilifanya kazi kama mtu aliyekunywa kahawa chungu.

Ukaja usaili. Mezani walikaa daktari, ofisa utumishi na mama mmoja wa chama. Ofisa akaegemea nyuma. "Haya, tusikie hicho Kislovaki."

Nikasimama wima. "Som sestra. Bývam v Bangwe. Pracujem v nemocnici. Chcem študovať. Idem na Slovensko."

"Maana yake?" akauliza mama wa chama.

"Mimi ni muuguzi. Naishi Bangwe. Nafanya kazi hospitali. Nataka kusoma. Ninakwenda Slovakia."

"Unakwenda?" Ofisa akaruka. "Nani kakuambia? Sema utakwenda, kama ukichaguliwa."

"Mzee, wakati ujao bado hatujafundishwa."

Mama wa chama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Daktari aliangalia dirishani, mabega yakimtetemeka.

Hawakunichagua. Alikwenda mwenzangu mmoja, kijana mwema, na sikumwonea kijicho. Ofisa alinipa habari akitabasamu. Nikamwambia ahsante, nikamuuliza darasa la mwaka unaofuata linaanza lini. Tabasamu likamwisha.

Mwaka wa pili nilikuwa na wakati ujao na uliopita pia, na mama wa chama alikuja kwenye usaili na wenzake wawili. Nikapita. Shangazi alinisindikiza stesheni na kikapu cha samaki wa migebuka wakavu ambao, nilimwambia, wangenuka behewa zima. "Wanuke," akasema. "Wajue nani anapita."

Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, ilikuwa na baridi ambayo hakuna kitenzi kilichoniandaa kwayo. Wiki ya kwanza niliingia duka la jirani na bweni. Muuzaji, mama mnene mwenye koti jeupe, aliniona, akaanza kusema polepole kwa kupaza sauti, kama watu wanavyosema na mtoto au kiziwi. Na vitenzi vyake havikuwa na mtu ndani, alivivunja makusudi ili nielewe: "Ty... chcieť... chlieb?" Wewe kutaka mkate?

Foleni nyuma yangu ikasogea kusikiliza.

"Nechcem chlieb," nikamjibu. Sitaki mkate. "Kupujem mlieko. A vy predávate mlieko, však?" Ninanunua maziwa. Nanyi mnauza maziwa, sivyo?

Akanitazama. Akashika chupa ya maziwa, akaiweka mbele yangu, na safari hii akasema sentensi nzima, kwa kasi ya watu wa kwao, nami sikuambulia hata nusu. Sikumwomba arudie. Nilichukua maziwa yangu, nikatoka.