Mchoro wa Upande wa Chini

Jina la Bubu alipewa na Injinia. Jina la Injinia mwenyewe alijipa. Bubu hakuwa bubu, alikuwa na haya tu. Mteja akimkazia macho, maneno yanamkwama kooni. Miaka kumi na minane alikaa chumba cha nyuma cha duka lile la redio na simu, na kila alipoingia mteja mzito, Injinia alimwita mbele kwa kazi moja: "Bubu, njoo unishikie tochi." Mwanamume mzima, baba wa watoto watatu, anasimama ameshika tochi huku mwenye duka akikaza skrubu mbili za redio ambayo Bubu aliimaliza asubuhi.

Hilo alilivumilia. Lisilovumilika lilikuja na Matroni, mkuu wa wauguzi wa zahanati ya jirani.

Matroni alikuwa na vitanda sita vya wagonjwa wasio na nguvu ya kuita. Alitaka kila kitanda kiwe na kitufe. Mgonjwa akibonyeza, taa ndogo iwake mezani kwa muuguzi, ikae nusu dakika, izime yenyewe. Bubu aliposikia, hakula mchana. Mama yake alilala kitanda cha pili cha wodi ile. Aliita mpaka sauti ikamwishia, na waliofika walimkuta kimya.

Kazi ya kubuni na kuchora mtambo huo aliifanya kwa wiki nzima. Alitumia chipu ya kuhesabu muda, kidude cheusi chenye miguu minane, na kando yake rezista na kapasita. Mkewe alipouliza, alimweleza hivi: rezista ni bomba jembamba, kapasita ni ndoo, kitufe kikibonyezwa taa inawaka na maji yanaanza kuingia, ndoo ikijaa chipu inazima taa. Ukitaka taa ikae zaidi, weka ndoo kubwa. Mkewe akasema hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizomsikia tangu wafunge ndoa.

Mchoro aliuacha kwenye daftari, juu ya meza ya kazi. Kesho yake akamsikia Injinia kule mbele akimwambia Matroni, "Nimekaa siku tatu bila kulala, lakini nimeupata. Huu mchoro umetoka kichwani mwangu."

"Na yule fundi wako wa nyuma?"

"Yule? Darasa la saba. Namweka kwa huruma tu. Tochi anashika vizuri, sikatai."

Bubu alisimama nyuma ya pazia. Alitamani kutoka. Kisha akakumbuka kitu, akarudi kukaa taratibu.

Alikumbuka kwamba yeye huchora kinyume. Hakuwahi kukaa darasa la ufundi. Alijifunza kwa kupindua redio mbovu kifudifudi na kufuata mistari ya risasi ya kuchomelea tumboni mwa bodi, kile kibao kinachobeba vifaa vyake. Kwa hiyo kila kitu hukichora kama kinavyoonekana kwa chini, kulia kukiwa kushoto. Namba za miguu haandiki, maana anazijua. Mtu akiufuata mchoro ule huku anaitazama chipu kwa juu, moto wa betri unaingia mguu usio wake.

Injinia alizichomea bodi zote sita mwenyewe, mbele ya kioo cha duka, wapita njia wamwone. Mara moja tu aliita, "Bubu, hiki kikato kinachoonyesha kichwa cha chipu kinatazama juu, si ndiyo?"

Neno moja lingetosha. Bubu alilihisi ulimini, akalimeza.

"Fuata mchoro, bosi."

"Hujaribu kwanza?" aliuliza muuza vocha wa jirani.

"Aliyesoma hajaribu," Injinia akamjibu. "Anapiga hesabu."

Siku hizo Bubu alikuwa mwepesi ajabu. Alifagia duka bila kuambiwa. Nyumbani, kwenye meza ya kulia, alitengeneza bodi sita za kwake, akazijaribu moja moja, akazifunga kwa kitambaa.

Siku ya kufunga vitufe walikwenda zahanati wote wawili, Injinia na tai na karatasi ya mchoro aliyoichana daftarini, Bubu na mfuko wa vifaa na tochi. Wauguzi walijipanga. Bodi zikafungwa, betri ikaunganishwa.

"Kitu kinanuka," alisema Matroni.

"Ni upya huo, mama. Vitu vipya vina harufu."

Bibi wa kitanda cha kwanza akaambiwa abonyeze. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa vidole viwili. "Mwanangu," alimwambia Injinia, "nabonyeza tu, au na kuomba pia niombe?"

Tak. Chipu ya kwanza ikapasuka, moshi mwembamba ukapanda. Ya pili ikafuata. Muuguzi mmoja akang'oa waya wa betri.

Injinia alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye tai. "Ni huyu," akasema, akimnyooshea Bubu kidole. "Mchoro ni wake. Ameniponza."

"Juzi ulitoka kichwani mwako," Matroni akasema. "Siku tatu hujalala."

Injinia alimwangalia Bubu, na kwa mara ya kwanza macho yale yalikuwa yanaomba.

Bubu hakuyaonea huruma. Alichukua karatasi ya mchoro mkononi mwa Injinia, akaigeuza, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukapenya, na mistari ikaonekana kwa nyuma, kulia kulia, kushoto kushoto.

"Mimi huchora kwa chini," aliwaambia wauguzi, sauti inamtetemeka. "Mwenye mchoro angejua."

Kisha akafungua kitambaa. Alianza na kitanda cha pili. Alipofunga bodi alibonyeza kitufe mwenyewe, na kule mezani taa nyekundu ikawaka. Alihesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Ikazima. Akabonyeza tena, ingawa hakukuwa na haja.

Kitanda cha tatu kilikuwa kwenye kona yenye giza. Bubu alipiga magoti chini yake, akatoa tochi mfukoni, akainyoosha nyuma bila kugeuka.

"Injinia," alisema, "njoo unishikie."

Injinia hakusogea. Wauguzi wote walikuwa wanamtazama, na bibi wa kitanda cha kwanza alikuwa amejiinua kwa kiwiko ili aone vizuri. Mwishowe viatu vyake vikasikika sakafuni, na mwanga ukatua juu ya bodi, ukichezacheza.

"Tuliza mkono," Bubu akamwambia. "Bado vitanda vinne."